Uhai wa Sura Nyingine Tutautambuaje?

Ardhi ya Gachoka, katika upande mkavu wa kaunti ya Embu unaoelekea mabwawa ya mto Tana, ni nchi ya vichuguu. Vimesimama katikati ya mashamba ya ndengu na kunde, kando ya miguka na chini ya migunga. Ukimega kipande cha kichuguu asubuhi, hata wakati wa kiangazi, utakuta udongo wa ndani una unyevu, na kabla hujasogea mchwa vibarua watakuwa wamefika na tope kinywani kuziba tundu. Ndani ya utumbo wa mchwa wa aina nyingi, mahali ambapo oksijeni haifiki, wanaishi viumbe wadogo mno wasiohitaji hewa wala mwanga wa jua. Chakula chao ni hidrojeni na kabonidayoksaidi, na taka wanayoitoa ni methani. Mfugaji mwenye mtambo wa bayogesi anawajua kwa kazi yao bila kuwaona: samadi ikishafungiwa ndani ya tangi, jamaa za viumbe hao ndio wanaozalisha gesi inayowaka jikoni kwa mwali wa buluu.

Nimeanza na viumbe hawa kwa sababu ya jinsi walivyotambuliwa. Kwa miongo mingi wanasayansi waliwatazama kwa hadubini na kuwaweka katika kundi la bakteria, maana umbo lao ni lilelile: kijiti kifupi au kitone cha mviringo, seli moja isiyo na kiini. Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliacha kutazama umbo, wakasoma molekuli. Walichukua aina moja ya RNA inayopatikana katika kila seli, ile inayoshiriki kazi ya kutengeneza protini, wakalinganisha mpangilio wake kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine. Viumbe wanaotoa methani wakaonekana hawana udugu wa karibu na bakteria kuliko walio nao na mimea au wanyama. Leo wanaitwa arkea, nao wanahesabiwa kuwa tawi kuu la uhai, sambamba na bakteria. Tawi zima lilikuwa matumboni mwa mchwa na ng'ombe na katika tope la chini ya maji, na halikutambuliwa kwa kuwa kipimo kilichotumika kilikuwa cha umbo.

Swali la uchambuzi huu linahusu mahali pa mbali zaidi: je, nje ya Dunia kunaweza kuwa na uhai wa namna tusiyoizoea? Ni vyema kuligawa mara mbili kabla ya kulijibu. Kwanza, je, kanuni za kemia zinaruhusu uhai uliojengwa kwa njia tofauti na wetu? Pili, kama zinaruhusu, tutautambua kwa alama gani? Mjadala wa watu wengi huishia kwenye swali la kwanza. Mimi naona la pili ndilo gumu, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa kuchangia katika yote mawili.

Tuanze na maana ya neno. Uhai ni nini? Ukisema ni kile kinachokua, fuwele za chumvi nazo hukua. Ukisema ni kile kinachotumia nishati na kutoa taka, moto hufanya hivyo. Ukisema ni kile kinachozaa, punda na farasi humzaa nyumbu, ambaye yu hai ingawa kwa kawaida hazai. Katika miaka ya 1990 jopo lililoitishwa na shirika la anga la Marekani, NASA, lilipendekeza maelezo ambayo yamekuwa yakitumiwa tangu wakati huo: uhai ni mfumo wa kikemia unaojiendesha na wenye uwezo wa kubadilika kwa njia ya mageuko aliyoyaeleza Darwin. Maana yake ni kwamba mfumo huo huhifadhi maelekezo ya kujijenga, huyanakili na kuyarithisha, nakala hizo huwa na makosa madogo, na mazingira huchagua zipi ziendelee. Zingatia kwamba maelezo haya hayataji kaboni, wala maji, wala DNA. Yanataja kazi, si vifaa.

Ili kazi hiyo ifanyike, mahitaji manne hayaepukiki. Lazima kuwe na chanzo cha nishati. Lazima kuwe na elementi inayoweza kuunganika na nyingine kwa namna nyingi, ili ijenge molekuli kubwa. Lazima kuwe na kiowevu ambamo molekuli hizo zitayeyuka, zitembee na kukutana, nacho nitakiita kiyeyushi. Na lazima kuwe na molekuli ya kuhifadhi maelekezo. Uhai tunaoujua hutumia jua au kemikali kwa hitaji la kwanza, kaboni kwa la pili, maji kwa la tatu, na DNA kwa la nne. Uhai usiozoeleka ungekuwa ule unaojaza nafasi mojawapo, au zote, kwa kitu kingine.

Hapa kuna kosa ambalo hurudiwa mara nyingi, hata katika vitabu vizuri: kuchanganya uhai wa mahali pagumu na uhai wa namna nyingine. Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado, lina maji ambayo kipimo chake cha pH hupita 10. Maji ya kawaida yana 7, na kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, kwa hiyo Magadi iko mbali na maji ya kawaida kwa zaidi ya mara elfu moja. Ni magadi yaleyale yanayotiwa katika sufuria ya githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi. Hata hivyo, maji hayo yana wakazi. Kuna arkea wanaopenda chumvi, ambao rangi zao huyapaka maji wekundu. Mmoja wao, aliyetokana na ziwa hilo, alielezwa na wanasayansi mwaka 1984. Kuna pia samaki mdogo wa jamii ya tilapia, *Alcolapia grahami*, anayeogelea pembeni mwa chemchemi zenye joto la digrii 40 na zaidi. Samaki wengi hutoa taka ya nitrojeni kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji yenye alkali kali kiasi hicho amonia haitoki kwa urahisi. Huyu wa Magadi huigeuza kuwa urea, kama mwili wa binadamu unavyofanya.

Ni kiumbe wa ajabu, lakini si wa namna nyingine. DNA yake imeandikwa kwa herufi nne zilezile zilizo katika ndengu na katika mchwa. Protini zake zimeundwa kwa asidi amino zilezile ishirini. Asidi amino, kwa ufafanuzi, ni molekuli ndogo zenye nitrojeni na kaboni ambazo huunganishwa mfululizo ili kutengeneza protini. Karibu zote zinaweza kuwa na maumbo mawili yenye atomu zilezile zilizopangwa kinyume, moja ikiwa taswira ya nyingine katika kioo. Wanakemia huyaita umbo la kushoto na umbo la kulia. Protini za viumbe wote wa Dunia zimejengwa kwa umbo la kushoto. Ufanano huu ndio unaotufanya tuamini kwamba sote, kuanzia arkea wa Magadi hadi msomaji wa makala hii, tumetokana na asili moja. Maana yake ni nzito: pamoja na wingi wote wa viumbe tunaowaona, tuna mfano mmoja tu wa uhai, na kutoka mfano mmoja hatuwezi kujua kipi ni cha lazima na kipi kilitokea kwa bahati.

Sasa tupitie nafasi zile moja baada ya nyingine, tukianza na elementi ya kujengea. Inayopendekezwa mara nyingi kuchukua nafasi ya kaboni ni silikoni. Sababu inaeleweka. Katika jedwali la elementi silikoni iko chini ya kaboni moja kwa moja, na kama kaboni, ina uwezo wa kushikana na atomu nyingine nne. Isitoshe, imejaa tele: zaidi ya robo ya uzito wa gamba la Dunia ni silikoni. Mchanga unaochotwa katika mito ya Mbeere, hukohuko Embu, na kupakiwa kwenye malori kwenda kujenga, kwa sehemu kubwa, ni silikoni iliyoungana na oksijeni.

Lakini mchanga huohuo ndio unaoonyesha tatizo. Kaboni ikiungana na oksijeni huwa gesi. Gesi hiyo huyeyuka katika maji, hutoka mapafuni, huingia katika majani, na mzunguko ukaendelea. Silikoni ikiungana na oksijeni huwa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi, na mshikamano wake ni wa nguvu kiasi kwamba kuuvunja kunahitaji nishati nyingi. Kiumbe wa silikoni anayepumua oksijeni angelazimika kutoa mchanga kila anapopumua. Tena, minyororo mirefu ya silikoni hudhoofika na kuvunjika mbele ya maji, wakati ile ya kaboni hudumu. Ushahidi mwingine upo hapahapa duniani: silikoni ipo kwa wingi kuliko kaboni katika miamba, na bado uhai ulijengwa kwa kaboni, ukiitumia silikoni pembeni tu, kwa mfano katika magamba ya mwani mdogo wa majini au katika ukali wa majani ya nyasi.

Mlango haujafungwa kabisa. Mwaka 2016 kundi la Frances Arnold katika taasisi ya Caltech, Marekani, lilichukua protini ya bakteria wa chemchemi za moto na kuibadilisha hatua kwa hatua hadi ikaweza kuunganisha kaboni na silikoni, jambo ambalo hakuna kiumbe aliyejulikana kulifanya. Hilo linaonyesha kwamba uhai unaweza kujifunza kuitumia silikoni. Halionyeshi kwamba uhai unaweza kuanza nayo.

Kiyeyushi ni habari tofauti, na hapa nafasi ni pana zaidi. Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, una angahewa nzito kuliko yetu, mawingu, mvua, mito na maziwa. Chombo cha Huygens kilitua huko tarehe 14 Januari 2005. Lakini joto la juu ya ardhi yake ni karibu digrii 179 chini ya sifuri, maji huko ni mwamba, na kinachonyesha na kujaa maziwani ni methani, gesi ileile ya mchwa na ya bayogesi, ikiwa imegeuka kiowevu kwa baridi. Ikiwa kuna mahali katika mfumo wetu wa jua ambapo uhai ungeweza kuwa wa namna nyingine kweli, ni hapo.

Je, inawezekana? Seli huhitaji utando wa kutenganisha ndani na nje. Utando wa seli zetu hujengwa kwa molekuli za mafuta zinazojipanga zenyewe kwa sababu upande mmoja unapenda maji na mwingine unayakimbia. Katika methani mpangilio huo hauwezi kufanya kazi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba molekuli ndogo iitwayo akrilonitrili ingeweza kujenga utando imara na wenye kunyumbuka ndani ya methani baridi. Mwaka 2017 ikathibitishwa kwa darubini za redio za ALMA kule Chile kwamba molekuli hiyo ipo katika angahewa ya Titan. Habari hizo zilisambaa sana. Iliyosambaa kidogo ni ya mwaka 2020: hesabu mpya zilionyesha kwamba, katika baridi ile, molekuli hizo zingeelekea kuganda kuwa barafu badala ya kujipanga kuwa utando. Tukumbuke pia kwamba baridi hupunguza kasi ya kemia yote. Mambo yanayotokea kwa sekunde katika utumbo wa mchwa yangeweza kuchukua muda mrefu kupita kiasi huko.

Nafasi ya nne, ya kuhifadhi maelekezo, ndiyo inayokubali mabadiliko kwa urahisi zaidi. Mwaka 2019 kundi la Steven Benner lilitengeneza DNA yenye herufi nane badala ya nne, nayo ikaweza kuhifadhi taarifa na kunakiliwa kuwa RNA. Hakuna sababu ya kikemia inayojulikana ya kufanya herufi ziwe hizi nne tulizonazo, wala asidi amino ziwe hizi ishirini, wala umbo liwe la kushoto. Zingeweza kuwa nyingine.

Lakini kuweza ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba bakteria kutoka Ziwa Mono, California, ziwa la magadi kama maziwa yetu ya Bonde la Ufa, aliweza kutumia aseniki badala ya fosforasi katika DNA yake. Aseniki ni sumu inayofanana na fosforasi kikemia. Kama ingekuwa kweli, tungekuwa na uhai wa namna nyingine hapa duniani. Mwaka 2012 makundi mawili yaliyorudia kazi hiyo yaliona kwamba bakteria huyo bado anahitaji fosforasi. Anavumilia aseniki tu. Jarida la *Science*, lililochapisha makala ya kwanza, liliiondoa rasmi mwaka 2025, ingawa waandishi wake hawakukubali.

Hapo tunafika kwenye swali la pili, la alama. Nalo lina kisa kilichoanzia Tanzania.

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa Tanganyika ya wakati huo, karibu na Ziwa Rukwa. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, jiwe jeusi na laini. Mawe ya aina hiyo ni adimu sana, na wataalamu wameliita kundi lake lote kwa herufi ya kwanza ya Ivuna. Ni vimondo vyenye kaboni na madini yaliyoguswa na maji, na mchanganyiko wa elementi zake umebadilika kidogo mno tangu mfumo wa jua ulipoundwa zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy waliandika katika jarida la *Nature* kwamba ndani ya Ivuna na ndani ya kimondo cha Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, wameona kwa hadubini vitu vidogo vyenye umbo la mpangilio, mithili ya visukuku vya mwani. Dunia ilishtuka. Je, jiwe la Rukwa limeleta mabaki ya uhai wa mbali?

Edward Anders na Frank Fitch wa Chuo Kikuu cha Chicago walirudia uchunguzi wa vimondo vya kundi hilo. Baadhi ya vitu vilivyoonekana vilikuwa chavua ya gugu la kawaida la hapa duniani, iliyoingia baada ya jiwe kuanguka. Vingine vilikuwa punje za madini. Umbo lilidanganya. Ni kosa lilelile la arkea, likiwa limegeuzwa: huko umbo lilificha tofauti iliyokuwepo, na hapa limeonyesha uhai ambao haukuwepo.

Dallol, katika jangwa la Danakil nchini Ethiopia, imetoa onyo la namna hiyohiyo. Ni mabwawa ya rangi ya manjano na kijani, chini ya usawa wa bahari, yenye maji ya moto, chumvi iliyojaa na asidi ambayo pH yake hufika sifuri na kushuka zaidi. Mwaka 2019 kundi moja lilitangaza kuona humo viumbe wadogo mno. Mwaka huohuo kundi jingine, lililoongozwa na Purificación López-García, lilichapisha matokeo kinyume: katika mabwawa makali zaidi hakuna uhai, na punje ndogo za silika zilizomo hujiunda kwa umbo la seli bila kuwa seli. Dallol inatufundisha mambo mawili. Maji pekee hayatoshi, kwa maana yapo na uhai haupo. Na ikiwa wataalamu wanaweza kubishana juu ya bwawa ambalo mtu anaweza kulifikia kwa gari na kuchota maji kwa chupa, picha iliyotumwa kutoka sayari nyingine haiwezi kuwa ushahidi wa kutosha.

Tukiacha umbo, je, gesi? Mwaka 1965 James Lovelock alitoa hoja ambayo bado ina nguvu: tafuta gesi zisizopaswa kukaa pamoja. Katika hewa yetu methani huharibiwa na kemia ya oksijeni ndani ya miaka kumi hivi, na bado ipo, kwa sababu kuna wanaoijaza upya kila siku, mchwa wa Gachoka wakiwa miongoni mwao. Hoja hii haihitaji kujua kiumbe ana sura gani. Lakini gesi moja peke yake haitoshi. Katika vilindi vya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, kuna kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, ambayo Rwanda inaitumia kuzalisha umeme. Sehemu yake imetengenezwa na arkea, na kabonidayoksaidi waliyoitumia ilitoka kwenye volkano. Kwingineko, maji yakikutana na miamba fulani chini ya ardhi, methani hutokea bila kiumbe yeyote. Katika sayari ya Mirihi gari la Curiosity limewahi kunusa methani kidogo sana, huku chombo kinachozunguka juu ya sayari hiyo kikishindwa kuiona kabisa. Hata tukikubaliana kwamba ipo, bado tutauliza imetoka kwa nani au kwa nini.

Kinachobaki, na ambacho naona ndicho cha kuaminika zaidi, ni uchaguzi. Turudi Ivuna. Jiwe lile halikuwa na visukuku, lakini lina asidi amino za kweli, zilizoundwa angani. Mwaka 2020 chombo cha Japani kilileta gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi Ryugu, na ikaonekana kwamba Ryugu ni ya jamii ya Ivuna. Katika udongo wa asteroidi Bennu, ulioletwa na chombo cha Marekani mwaka 2023, zimepatikana asidi amino 14 kati ya zile 20 tunazozitumia, pamoja na nyingine ambazo uhai wetu hauzitumii. Maumbo ya kushoto na ya kulia yalikuwa karibu sawa kwa wingi. Hiyo ndiyo kemia isiyo na mwenyewe: hutengeneza kila kinachowezekana, vidogo kwa wingi na vikubwa kwa uchache, bila kupendelea.

Uhai hupendelea. Huchukua ishirini na kuziacha nyingine. Huchukua za kushoto na kuziacha za kulia. Hutengeneza molekuli chache kubwa kwa wingi usiotarajiwa. Ukipita shambani ukakuta mmea usioujua umeota kwa mistari iliyonyooka, utajua kuna mkulima, hata kama mbegu hiyo hujawahi kuiona sokoni. Kipimo cha namna hii hakiulizi kama kiumbe ana DNA. Kinauliza kama kuna kilichochaguliwa.

Lee Cronin wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzake wamejaribu kukigeuza kuwa namba. Kwa kila molekuli huhesabu hatua chache kabisa zinazohitajika kuijenga kutokana na vipande vyake. Katika sampuli walizozipima na kuchapisha mwaka 2021, zile zilizopita hatua 15 hivi zilitokana na uhai tu. Wakosoaji wamejibu kwamba madini mengine yanaweza kupata namba kubwa bila uhai, na kwamba mpaka wenyewe unategemea jinsi unavyopima. Nadhani wakosoaji wana haki kuhusu mpaka, na Cronin ana haki kuhusu mwelekeo.

Sasa naweza kusema ninachoamini. Uhai wa silikoni, ule wa filamu, siuoni ukiwezekana katika mazingira tunayoyajua. Kemia yake inajizuia yenyewe. Uhai wa methani kule Titan hauwezi kukataliwa, lakini kila hatua iliyoonekana kuufungulia njia imefuatiwa na nyingine iliyoipunguza, na sioni sababu ya kuutarajia. Unaowezekana kwa kweli ni uhai wa kaboni ambao umechagua tofauti: herufi nyingine za maelekezo, asidi amino nyingine, au umbo la kulia badala ya la kushoto. Huo ungeweza kuwa na umbo lilelile la kijiti au kitone chini ya hadubini, na bado usiwe na udugu wowote nasi. Kwa hiyo ugeni wake hautaonekana kwa macho.

Ndiyo maana siwekei matumaini picha za mawe yenye maumbo ya ajabu zinazosambazwa kila chombo kinapotua Mirihi. Matumaini yangu yako kwenye vifaa viwili ambavyo vimepangiwa kuondoka Dunia mwaka 2028. Kimoja ni gari la Ulaya la Rosalind Franklin, litakalochimba ardhi ya Mirihi hadi mita mbili, kina ambapo mionzi ya angani haijaharibu kila kitu. Kingine ni Dragonfly, chombo cha Marekani chenye mapanga ya kuruka, kitakachofika Titan katikati ya muongo ujao. Vyote viwili vitabeba mitambo inayoweza kutenganisha molekuli za umbo la kushoto na za umbo la kulia. Matokeo yakiwa nusu kwa nusu, tumekuta kemia ya Ivuna tena. Yakiegemea kushoto, tutalazimika kuuliza kama ni uchafu tuliobeba wenyewe kutoka nyumbani, au jamaa wa zamani aliyesafiri ndani ya kimondo. Yakiegemea kulia kwa wingi, katika molekuli nyingi kwa pamoja, maelezo hayo mawili yatakuwa hayatoshi.